Fizi zinatoka damu: maji ya chumvi, dawa ya chupa, vidonge au skeling (kusafishwa meno na daktari)? Nimepita kote, linganisha mwenyewe

Nianze na ile asubuhi. Nimepiga mswaki kama kawaida, natema kwenye sinki, povu limetoka na rangi ya juisi ya tikiti, nikasema aah nimejikwaruza tu, kesho yake tena, keshokutwa tena, mpaka siku nang'ata embe bolibo na pale nilipong'ata pamebaki alama nyekundu mbele ya watu, hapo ndo nikaanza kuuliza. Na ukiuliza watu watano kuhusu fizi unapata dawa sita. Mama mdogo kasema maji ya chumvi. Fundi jirani kasema tupa huo mswaki wa plastiki, tumia wa mti. Kaka wa duka la dawa kanifungia vidonge. Mwenzangu wa kazini kaniletea chupa ya kusukutua, na kuna mmoja simtaji kasema we acha kupiga mswaki mpaka fizi zipumzike. Nimefanya yote hayo, tena kwa mpangilio mbovu kabisa, kwa hiyo nayaweka hapa moja kando ya jingine, ili we usizunguke miezi minne kama mimi.

Ila kabla hujachagua dawa inabidi ujue unatibu nini.

Kiseyeye kipi?

Kwetu fizi zikitoka damu tu jina lake ni kiseyeye, basi. Na mkanganyiko unaanzia hapohapo, maana kiseyeye chenyewe hasa ni ugonjwa wa kukosa vitamini C, ule uliokuwa unawamaliza mabaharia. Vasco da Gama alipokuwa anarudi kutoka India alifika Malindi Januari 1499 na watu wake wengi wameshakufa njiani, waliobaki fizi zimewavimba, wakaagiza machungwa kutoka pwani kwa ajili ya wagonjwa, na muda si mrefu wakaichoma moto meli yao moja, São Rafael, kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuiendesha. Sasa we unakula mchicha, maembe, machungwa, pilipili hoho, ukitoka damu kidogo unakimbilia kununua vidonge vya vitamini C, hapo unatibu ugonjwa wa da Gama, sio wako. Mi nilivinunua pia. Mkojo tu ndo ulibadilika rangi.

Wa kwetu wengi ni wa utando. Ule unaousikia kwa ulimi asubuhi, kama meno yamepakwa uji mwepesi ukakauka. Ni bakteria wamejijengea, wamejishikiza pale jino linapoingia kwenye ufizi, na usipoutoa mwili unaleta damu nyingi eneo lile kupambana, ufizi unavimba, unakuwa laini, ukiugusa unatoka damu. Kwa sisi wenye fizi nyeusi usitegemee kuona wekundu kama wa kwenye mapicha, we angalia kama ufizi unang'aa, umejaa, na ile ncha yake katikati ya meno mawili imekuwa butu badala ya kuwa na kona kali. Hiyo ni hatua ya kwanza, madaktari wanaiita jinjivaitisi, na inarudi nyuma kabisa, inapona hata kovu halibaki.

Hatua ya pili ni periodontaitisi. Hapo uvimbe umeshashuka chini, unakula mfupa unaoshika jino, ufizi unaachia jino kunabaki kama mfuko pembeni yake, meno yanaonekana marefu, yanaachana, mwisho yanacheza. Mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe. Unaweza kuusimamisha ugonjwa ukabaki na meno yako miaka na miaka, ila kurudi ulipokuwa mwanzo sahau. Na ubaya wake hauumi. Watu wanasubiri maumivu, maumivu hayaji, kinachokuja ni jino linatikisika.

Mwaka 1965 huko Denmark, mtafiti wa meno Harald Löe na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi nzima wakawaambia acheni kusafisha meno. Ndani ya siku 10 mpaka 21 wote fizi zilikuwa zimevimba. Wakawaambia haya anzeni tena kupiga mswaki, na baada ya wiki hivi fizi zikarudi sawa. Hakuna kidonge, hakuna sindano, ni utando umerudi na utando umetolewa basi. Kila ninachokilinganisha hapa chini nakipima kwa hilo moja: kinatoa utando au hakitoi?

Sasa kuna kitu kinaharibu hesabu, kinaitwa ukoga. Utando ukiachwa unanyonya madini ya mate, na ndani ya wiki mbili hivi unakuwa mgumu kama simenti. Ukishafika hapo mswaki hauutoi hata upige mpaka mkono ufe ganzi. Chukua kioo na tochi ya simu, angalia nyuma ya meno ya mbele ya chini, upande wa ulimi, halafu magego ya juu upande wa shavu. Ndo hapo unapojaa kwanza kwa sababu ndo hapo mate yanapomwagikia. Ukiona mstari wa njano au kahawia umeng'ang'ania kwenye ufizi, ukiukwaruza kwa kucha haubanduki, tayari unao.

(Wa Arusha na Meru huko, yale madoa ya kahawia ya tangu utotoni sio ukoga, ni floraidi ya kwenye maji, imeingia kwenye jino lenyewe. Usikubali mtu akuuzie skeling eti itayatoa.)

Maji ya chumvi kando ya dawa ya chupa

Maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu, sukutua, tema, mara mbili tatu kwa siku. Bei yake haihesabiki. Yanatuliza, uvimbe unapungua kidogo, na baada ya kung'oa jino au ukiwa na kidonda ni kitu kizuri sana, mama mdogo hakukosea. Ila utando haubanduliwi na maji. Yaani sufuria iliyogandia ugali, umemwaga maji ya chumvi ukayatingisha ukamwaga, ugali umebaki palepale. Mi nilisukutua siku tisa, harufu ya mdomo ikapungua, damu ikawa inatoka ileile.

Dawa ya chupa hapa nazungumzia ile yenye klorheksidini, sio zile za buluu na kijani za kufanya mdomo unukie tu. Soma lebo. Kama haina klorheksidini wala kitu kingine cha kazi umenunua marashi ya mdomo. Yenye klorheksidini inaua bakteria kweli, inabaki imeshika mdomoni masaa kadhaa, na utando mpya unachelewa kujijenga. Ndo maana daktari anakupa baada ya upasuaji au wakati fizi zinauma kiasi huwezi kuzigusa na mswaki. Lakini ina mambo yake: ukitumia wiki kadhaa meno na ulimi vinashika rangi ya kahawia, hasa kama we ni mtu wa chai na kahawa, ladha inapotea (mi wali wa nazi ulikuwa kama natafuna karatasi), na ajabu nyingine ukoga unaongezeka. Kwa hiyo ni ya wiki mbili hivi, sio ya maisha. Halafu usiisukutue palepale ukishapiga mswaki, kuna kemikali za povu kwenye dawa ya meno zinaiua nguvu, acha nusu saa ipite. Hilo kwenye duka hawakuniambia, nilikuwa nasukutua dakika hiyohiyo, nusu ya chupa nikawa namwaga hela kwenye sinki.

Ukiniuliza kati ya hizo mbili, klorheksidini ina nguvu zaidi, hilo halina ubishi. Ila zote mbili ni wasaidizi. Ukoga ukishakuwepo utando unakaa juu yake na chini yake, chini ya ufizi huko, na maji ya kusukutua hayafiki. Kama hela ni ya kitu kimoja tu mi sinunui chupa, naongezea kwenye nauli ya kwenda kwa daktari na chumvi ipo jikoni.

Vidonge

Hapa naomba nikae kidogo maana ndo panapoliwa hela za watu.

Nimefika kwenye duka la dawa, nikasema kaka fizi zinatoka damu. Hajaniambia fungua mdomo. Kageuka, kachukua metronidazo na amoksilini, antibayotiki zote mbili, kaandika moja mara tatu, moja mara tatu, siku tano, haya kaka lipa. Nikameza. Siku ya tatu damu imepungua, nikawa namsifia kila mahali. Baada ya wiki tatu imerudi, tena imerudi na harufu.

Kwa nini ilipungua? Kwa sababu dawa imewapunguza bakteria wanaoelea. Kwa nini ikarudi? Kwa sababu wale waliojijengea kwenye utando wana ukuta, dawa inawafikia kidogo sana, na nyumba yao haijabomolewa, ukimaliza dozi wanazaana upya. Ndo maana kwa jinjivaitisi ya kawaida antibayotiki haitakiwi kabisa, sio kwamba ni dawa dhaifu, ni kwamba haifanyi kazi inayotakiwa. Umepata kuharisha, mdomo umekuwa mchungu kama umelamba sarafu, umefundisha bakteria kuizoea dawa, na siku ukipata ugonjwa unaohitaji dawa hiyohiyo unakuta haishiki. Na metronidazo haiendi na pombe, wanaomeza Ijumaa wanajua kilichowapata.

Kuna wakati vidonge vina haki yake. Kuna ule ugonjwa wa fizi unaokuja ghafla, unauma sana (tofauti na huu wetu), zile ncha za ufizi katikati ya meno zinaoza kama zimeng'atwa, harufu ni ya kukimbiza watu, pengine na homa. Huo unawapata sana watu ambao kinga imeshuka, msongo, sigara, lishe duni, na wakati mwingine ndo dalili inayofanya mtu apimwe VVU akagundulika. Pale metronidazo inasaidia kweli, lakini pamoja na kusafishwa. Na jipu la jino lenye homa na uso kuvimba nalo ni kesi nyingine. Kote huko ni daktari kaangalia mdomo ndo akaandika. Muuzaji akikupa antibayotiki bila hata kuomba ufungue mdomo, mrudishie.

Mswaki wa mti, wa plastiki, wa umeme

Fundi jirani alinishambulia kweli kwenye hili. Eti babu yake kafa na meno 32. Na neno lenyewe mswaki lilikuwa la mti kabla plastiki haijaja, tumelichukua kwa Waarabu pamoja na kijiti chake, na mpaka leo ukipita Kariakoo au Mji wa Kale Mombasa au nje ya msikiti wowote siku ya Ijumaa unakuta vimefungwa mafungu. Shirika la Afya Duniani lilishahimiza matumizi yake tangu 1986, kwa hiyo sio ushamba.

Wa mti una faida zake: una kemikali zake za asili zinazopunguza bakteria, hauhitaji dawa ya meno, na mtu anautumia mara nyingi kwa siku kwa sababu uko mfukoni. Shida ni umbo. Nyuzi ziko usawa mmoja na kijiti, kwa hiyo sehemu za mbele unasafisha vizuri, upande wa ulimi na nyuma ya magego hapafikiki, na ukoga unapenda hukohuko. Halafu watu wanasugua kulia kushoto kama wanakata mbao, miaka kumi baadae ufizi umepanda juu mizizi iko wazi, maji baridi yanamwua. Ukitumia, menya kama sentimita moja, tafuna mpaka ilainike, sugua kutoka kwenye ufizi kwenda kwenye jino, na kata ile ncha ukianza upya siku ya pili.

Wa plastiki, nunua ulioandikwa laini. Sijui nani alituambia mgumu ndo unasafisha, kule madukani ule mgumu ndo umejaa. Laini, kichwa kidogo, ulaze mshazari nywele ziingie pale jino linapokutana na ufizi, sogeza kidogokidogo, dakika mbili kwa saa sio kwa kukadiria. Mi nilijipima, nilikuwa natumia sekunde 40 na nilikuwa najiona msafi kuliko nyumba nzima.

Wa umeme: kuna uchambuzi mkubwa wa 2014 wa Cochrane, wale watafiti wanaopima tiba ipi inafanya kazi, walijumlisha majaribio mengi wakaona baada ya miezi mitatu watumiaji wa umeme wana utando pungufu kwa 21% na uvimbe wa fizi pungufu kwa 11% ukilinganisha na wa mkono. Kwa hiyo ni bora, ila sio bora kiasi cha kukopa. Kama una mtoto mtukutu, mzee ambaye mkono unatetemeka, au mtu aliyepooza upande, hapo ndo naona thamani yake. Ila uliza kwanza vichwa vya kubadilisha vinapatikana mtaani kwako, la sivyo baada ya miezi mitatu una kifimbo cha betri tu.

Na lile la kuacha kupiga mswaki kwa sababu unatoka damu, nililifuata siku nne. Siku ya tano fizi zilikuwa zinatoka damu zenyewe nimelala, mto una doa. Panapotoka damu ndo panapohitaji mswaki zaidi, kwa upole, ila usipaache. Piga vizuri mara mbili kwa siku, wiki mbili nzima. Damu ikikata, ulikuwa na utando laini tu, umejitibu na hujalipa mtu. Isipokata una ukoga au ugonjwa umeshuka chini na hapo mswaki wowote ule, wa mti, wa plastiki, wa dhahabu, hauna la kufanya.

Katikati ya meno

Mswaki haupiti katikati, na ugonjwa unaanzia katikati. Uzi wa meno ni mzuri kama meno yamebanana, ila ni kazi, vidole vinajaa mdomoni na wengi tunaacha wiki ya pili. Viburashi vile vidogo kama vya kusafishia chupa, kama kuna nafasi vinaingia, mi naona vinashinda uzi, ni rahisi na vinatoka na uchafu unaouona kwa macho. Tuthpiki za hotelini sio hata kwenye mashindano haya, zinatoa nyama ya mbuzi na kutoboa ufizi. Nimemaliza.

Karafuu, mkaa na wenzao

Karafuu inaua maumivu, hilo ni kweli, ina kitu kinaitwa yujino ambacho hata madaktari wa meno wanakitumia. Lakini mafuta yake ukipaka moja kwa moja kwenye ufizi yanauunguza, unaongeza kidonda juu ya uvimbe. Mkaa na chumvi ya mawe unasugua jino lenyewe, linaisha. Ugoro na sigara, sasa hapa kuna mtego: mvuta sigara fizi zake hazitoki damu sana kwa sababu mishipa imebanwa, anajiona mzima, huku mfupa chini unaliwa haraka kuliko wa mwenzie. Asijilinganishe na mimi kwa kuangalia damu.

Skeling

Nilikuwa naiogopa kwa sababu tatu na zote nimeambiwa na watu ambao hawajawahi kufanya: inalegeza meno, inaacha mianya, inauma.

Nimekaa kwenye kiti, dokta dada mmoja mpole tu, kaanza na kijichuma chembamba chenye mistari ya milimita, anakiingiza taratibu kati ya jino na ufizi anamsomea msaidizi: mbili, tatu, tatu, mbili, tano. Pale kwenye tano nikamwangalia. Akasema, "Mpaka tatu hatuna neno kaka'ngu, nne kwenda juu ni mfuko huo." Nilikuwa na mifuko minne, yote nyuma. Ndo ile hatua ya pili inaanza, na mimi nilikuwa nahangaika na chumvi.

Halafu kaleta kile chuma kinachotetemeka na kumwaga maji, kinapiga kelele kama mbu aliyeingia sikioni. Sehemu za kawaida ni kukereketa tu, kule kwenye mifuko kanipiga ganzi. Katikati hapo kitu kimedondoka ulimini, nikatema kwenye bakuli, ni kipande kigumu cha kahawia kama ganda la konokono lililovunjika, saizi ya punje ya mchele. Dokta kanishikia kioo. "Hiki ndo ulikuwa unakisukutulia," akasema. Nikacheka na ganzi mdomoni, mate yakamwagika kwenye shati.

Sasa zile hofu. Kulegeza meno: ukoga ulikuwa umeshikanisha meno kama zege, kama mfupa umeshaliwa basi ukiutoa unahisi jino linacheza, lilikuwa linacheza tangu zamani ila lilikuwa limefungwa plasta. Mianya: hizo nafasi zilikuwepo, zilijazwa na ukoga na ufizi uliovimba, uvimbe ukiisha unaziona. Kuuma: siku tatu nne maji baridi yanashtua, ukila pilipili utajuta, baadae inatulia. Wiki ya pili nilipiga mswaki nikatema nyeupe.

Gharama, mi ilinitoka kama chupa nne za ile dawa ya kusukutua. Piga hesabu nilichotumia kabla: chupa mbili, dozi mbili za vidonge, vitamini, uzi ambao sikuutumia. Nimepita bei ya skeling nikarudi nikailipa tena. Bei zinatofautiana sana kati ya hospitali ya serikali na kliniki binafsi, uliza kabla hujakaa, na kama una bima uliza maneno haya mawili: skeling ya kawaida inalipiwa? na ile ya chini ya ufizi je? Maana kuna zinazolipa kung'oa tu, kusafisha hazilipi, mambo ya ajabu sana.

Ila skeling nayo sio kinga ya milele. Bila mswaki mzuri utando unaanza kujijenga siku hiyohiyo, na mtu anayefanya skeling kila Desemba huku mwaka mzima anapiga mswaki sekunde 40 anapoteza hela kistaarabu tu.

Hawa wasilinganishe, waende moja kwa moja

Mwenye kisukari kwanza. Sukari ikiwa juu fizi zinaharibika haraka, na fizi zikiwa na ugonjwa sukari inakuwa ngumu kushuka, vinasukumana. Mjamzito: homoni zinafanya fizi zivimbe kwa utando mdogo tu, ni kawaida, sio lazima "kila mimba na jino lake" kama wanavyosema bibi zetu, kusafishwa meno ukiwa na mimba kunaruhusiwa, mwambie tu daktari una miezi mingapi. Anayetumia dawa za presha kama nifedipini au amlodipini, au fenitoini ya kifafa, akiona fizi zinakua kama zinataka kufunika meno, sio uchafu peke yake, dawa inaweza kuwa inachangia, lakini usiache dawa ya presha kwa akili yako, mpelekee daktari akuangalie. Damu ikitoka kwenye fizi na puani na una michubuko mwilini ambayo hujui umeipata wapi, nenda ukapime damu, hiyo sio ya mswaki.

Na mtoto mdogo aliyedhoofika, labda katoka kuumwa surua, ufizi una kidonda chenye harufu kali na shavu linaanza kuvimba: usingoje kesho. Kuna ugonjwa unaitwa noma, unaanza hivyohivyo kwenye ufizi na ndani ya siku chache unakula shavu. Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika Desemba 2023. Ukiwahiwa mwanzoni dawa na lishe vinauzuia.

Ningekuwa na hela kidogo, ningeanzia wapi

Buku mbili tatu: mswaki laini, dakika mbili, wiki mbili, maji ya chumvi kama yanakupa faraja. Ukiwa na mstari wa ukoga unaouona kwa macho hata hizo wiki mbili usizingoje, weka hela ya skeling, hata kwa kudunduliza. Chupa ya klorheksidini ifuate skeling, isiitangulie. Vidonge mpaka uandikiwe na mtu aliyekuangalia mdomo.

Mama mdogo nilipomsimulia yote haya alikasirika kidogo, akasema mnadharau chumvi siku hizi. Nikamwambia shikamoo mama, sijaidharau, hebu fungua mdomo. Nikawasha tochi ya simu. Nyuma ya meno ya mbele ya chini kuna ukuta, meno manne yameshikana huwezi kujua moja linaishia wapi. Nikampiga picha nikamwonyesha. Kaitazama muda mrefu, kaivuta karibu, kaisogeza mbali, kavaa miwani. Halafu akauliza, huyo dokta wako Jumamosi anakuwepo?